Makamanda Katika Filamu za Mwisho wa Vita

Kila mwaka, tarehe 25 Julai, Tanzania huadhimisha Siku ya Mashujaa. Kwa miaka mingi maadhimisho ya kitaifa yalifanyika katika viwanja vya Mnazi Mmoja, jijini Dar es Salaam, mbele ya Mnara wa Mashujaa. Katika sherehe hiyo Rais huweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi huweka sime, na gwaride hutoa heshima. Kamera huwaelekea viongozi na makamanda, kwani hao ndio zilizoletwa kuwapiga picha. Hatua chache kutoka hapo, ng'ambo ya Mtaa wa Lumumba, huanza mitaa ya Kariakoo, ambayo jina lake lenyewe limezaliwa na vita. Huko kamera hazielekezwi.

Somo hili linahusu filamu za kumbukumbu zinazowaonyesha makamanda wa kijeshi wakati vita vinapomalizika. Filamu za namna hii hutumika katika kufundishia historia, na mara nyingi huonyeshwa kana kwamba ni dirisha ambalo kwalo mwanafunzi huyatazama mambo ya zamani jinsi yalivyokuwa. Tunapenda kuonyesha kwamba filamu yafaa ichukuliwe kuwa ni kitu kinachopimika, chenye urefu, kasi, kemia na mipaka. Mwanafunzi mwenye elimu ya kawaida ya fizikia na kemia ya sekondari anaweza kukipima kitu hicho, akajua ni mambo gani kinayathibitisha na ni yapi kisiyoyathibitisha. Aidha, ataelewa kwa nini kazi hiyo haiwezi kungoja.

Mwisho wa vita ni lini?

Hebu tuanze na mifano miwili iliyo karibu nasi.

Vita Kuu ya Kwanza ilikoma huko Ulaya tarehe 11 Novemba 1918. Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi ya Wajerumani katika Afrika Mashariki, alikuwa wakati huo katika nchi ambayo leo ni Zambia, na habari hiyo ilimfikia siku mbili baadaye. Alisalimu amri rasmi mjini Abercorn, ambao sasa huitwa Mbala, tarehe 25 Novemba 1918, yaani siku 14 baada ya vita kukoma Ulaya. Waliosalimu amri pamoja naye walikuwa Wajerumani 155 na askari Waafrika 1,168, pamoja na wapagazi waliowazidi askari hao kwa idadi. Picha ya saa hiyo inayojulikana sana ni mchoro wa msanii Mwafrika, unaoonyesha majeshi mawili yakikabiliana.

Mfano wa pili ni Vita vya Kagera. Majeshi ya Idi Amin yalivamia nchi yetu mwishoni mwa Oktoba 1978. Jeshi la Wananchi wa Tanzania, ambalo Mkuu wake alikuwa Abdallah Twalipo, liliyarudisha nyuma majeshi hayo, likavuka mpaka, na likishirikiana na Waganda waliompinga Amin likauteka mji wa Kampala tarehe 10 na 11 Aprili 1979. Mmoja wa makamanda mashuhuri wa safari hiyo alikuwa Meja Jenerali David Musuguri, aliyeongoza Divisheni ya 20. Habari za kuanguka kwa serikali ya Amin zilitangazwa na Luteni Kanali David Oyite-Ojok katika Redio Uganda. Mwaka 1980 Kampuni ya Filamu Tanzania na Taasisi ya Picha na Sauti zilitoa filamu ya rangi iitwayo Vita vya Kagera.

Watu wengi wanapofikiria mwisho wa vita hivyo huona akilini picha za Kampala. Lakini mapigano yaliendelea kaskazini hadi majeshi yetu yalipofika mpaka wa Sudan tarehe 3 Juni 1979, siku 53 baadaye. Katika siku hizo watu waliendelea kufa. Basi mwaka 1918 mwisho ulichelewa kuwafikia wapiganaji. Mwaka 1979 picha za mwisho zilitangulia mwisho wenyewe. Tunajifunza jambo la kwanza hapo: vita havimaliziki kwa dakika moja. Kamera huchagua dakika moja miongoni mwa nyingi, na mara nyingi huchagua ile ambayo kamanda amesimama mahali penye mwanga wa kutosha.

Kasi ya filamu

Filamu ni mfululizo wa picha zisizotikisika, zilizopigwa moja baada ya nyingine na kuonyeshwa kwa kasi inayolifanya jicho lione mwendo. Kamera za wakati wa Vita Kuu ya Kwanza nyingi zilizungushwa kwa mkono, na mpiga picha aliyezoea kazi yake alipata kama picha 16 kwa sekunde, pengine zaidi kidogo. Sauti ilipoingia katika sinema, mwishoni mwa miaka ya 1920, kasi ya kawaida ikawa picha 24 kwa sekunde.

Iwapo filamu iliyopigwa kwa picha 16 itaonyeshwa kwa picha 24, mambo yote yataonekana kwenda mara moja na nusu ya kasi yake halisi. Hii ndiyo sababu majenerali wa zamani huonekana wakitembea kwa kurukaruka kama watu wa kuchekesha. Wanafunzi hucheka, na kicheko hicho huwafanya wawadharau watu ambao pengine walikuwa wakitembea kwa majonzi. Kosa hapa ni la mashine.

Twawezaje kuijua kasi ya awali? Njia ya kwanza ni hatua za gwaride. Tuseme kikosi kilitembea kwa mwendo wa hatua 120 kwa dakika, yaani hatua 2 kwa sekunde. Katika filamu ya picha 16 kwa sekunde, kila hatua itachukua picha 8. Filamu hiyo hiyo ikionyeshwa kwa picha 24, mtazamaji atahesabu hatua 180 kwa dakika, mwendo ambao hakuna kikosi kinachoandamana mbele ya jenerali kwa heshima kingeutumia.

Njia ya pili ni bora zaidi, kwa kuwa haitegemei desturi ya jeshi lolote. Nguvu ya uvutano wa dunia haikubadilika tangu 1918. Kitu kizito kikianguka kutoka kimo cha mita 1.25, na tukichukua mchapuko wa uvutano kuwa mita 10 kwa sekunde kwa sekunde, kitafika chini baada ya nusu sekunde. Hesabu picha tangu kilipoachwa hadi kilipogusa ardhi. Zikiwa 8, filamu ilipigwa kwa picha 16 kwa sekunde. Zikiwa 12, ilipigwa kwa picha 24. Katika sherehe za kusalimu amri ambamo silaha huwekwa chini, mara nyingi hupatikana kitu kinachoanguka.

Kuihoji filamu kwa vivuli, upande na sauti

Filamu nyingi za vita hutujia zikiwa vipande vilivyounganishwa. Mhariri huweza kuchukua kipande cha mazoezi akakibandika katikati ya vita, au akachukua picha ya kamanda ya mwezi mmoja akaiweka katika mwezi mwingine. Si lazima awe na nia mbaya; pengine alikosa picha ya siku ile. Lakini mwanafunzi lazima ajue.

Shahidi wa kwanza ni jua. Kampala iko karibu sana na ikweta, kiasi cha theluthi moja ya nyuzi kaskazini yake. Tarehe 11 Aprili jua la adhuhuri huwa wima juu ya latitudo ya nyuzi 8 hivi kaskazini. Kwa hiyo mtu aliyesimama Kampala adhuhuri ya siku hiyo hupata kivuli kifupi kinachoelekea kusini. Kama kimo chake ni mita 1.7, kivuli chake kitakuwa na urefu wa sentimita 24 hivi. Aidha, saa zetu za Afrika Mashariki hufuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, hali Kampala iko kwenye nyuzi 32.6. Dunia huchukua dakika 4 kuzunguka nyuzi moja, kwa hiyo adhuhuri ya kweli ya Kampala huchelewa kwa dakika 50 hivi, nayo huwa karibu saa 7 kasoro dakika 10 mchana. Ukionyeshwa kipande kinachodaiwa kupigwa Kampala saa hiyo ya tarehe 11 Aprili, na kivuli cha ofisa kina urefu wa mita mbili, basi ama saa si hiyo, ama siku si hiyo, ama mahali si hapo.

Shahidi wa pili ni upande. Mkanda wa filamu unaweza kuchapwa kinyume, kulia kukawa kushoto. Maofisa hupiga saluti kwa mkono wa kulia, na medali huvaliwa kifuani upande wa kushoto. Ukiwaona makamanda wote wakipiga saluti kwa mkono wa kushoto, mkanda umegeuzwa. Maandishi ya kwenye magari na majengo yatalithibitisha jambo hilo.

Shahidi wa tatu ni sauti. Sauti husafiri hewani kama mita 340 kwa sekunde. Kombora likilipuka kilometa moja kutoka kwenye kamera, mlio utafika baada ya sekunde 3 hivi, yaani baada ya picha 70 katika filamu ya picha 24 kwa sekunde. Kama moshi na mlio vinatokea pamoja ilhali mlipuko uko mbali, sauti hiyo ilitiwa baadaye chumbani. Hili lilikuwa jambo la kawaida, kwani kamera nyingi za vitani hazikuchukua sauti.

Zaidi ya hayo, filamu yapasa ilinganishwe na karatasi. Tarehe 2 Septemba 1945, Japani ilitia saini hati ya kusalimu amri katika meli ya Marekani iitwayo Missouri, ndani ya Ghuba ya Tokyo. Sherehe hiyo ilipigwa filamu kwa uangalifu mkubwa, na kila kitu ndani yake huonekana kimepangwa barabara. Lakini nakala ya hati waliyopewa Wajapani inaonyesha kwamba mwakilishi wa Kanada alitia saini kwenye mstari usio wake, hata vyeo vilivyofuata vikabidi kusahihishwa kwa kalamu. Mtu aliyeitegemea filamu peke yake angesadiki kwamba siku ile haikuwa na kosa.

Waliobaki nje ya picha

Sasa turudi Mnazi Mmoja. Majeshi ya Waingereza yaliiteka Dar es Salaam mwezi Septemba 1916, na hapo ndipo mahali palipo Kariakoo palipofanywa kambi ya kikosi cha wapagazi. Kikosi hicho kiliitwa kwa Kiingereza "Carrier Corps", na wenyeji wakalitamka jina hilo kwa ulimi wao: Kariakoo. Uwanja wa Mnazi Mmoja nao, katika enzi za ukoloni, uliachwa wazi ukitenganisha mtaa huo wa Waafrika na sehemu nyingine za mji.

Wapagazi walibeba risasi, chakula na wagonjwa katika nchi ambayo magari hayakuweza kupita, na ambayo mbung'o waliwaua wanyama wa mizigo. Wengi waliuawa na malaria, kuhara na njaa kuliko risasi. Hesabu za Waingereza wenyewe zilitaja vifo vya wapagazi kwa makumi ya maelfu. Bila wao hakuna jenerali ambaye angeweza kufika Abercorn, wala wa kushinda wala wa kushindwa.

Tazama basi jinsi walivyokumbukwa. Sanamu ya Askari iliyoko Barabara ya Samora, iliyozinduliwa 1927, ni ya mtu mmoja aliyeshika bunduki yenye singe. Si ya mpagazi. Sanamu ya Nairobi ya kuwakumbuka watu wa vita hiyo hiyo ina watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Katika mji ambao mtaa wake mashuhuri kupita yote umepewa jina la wapagazi, sanamu iliyosimamishwa ni ya askari.

Kamera hufanya kama sanamu hiyo. Ina mipaka minne, na anayeisimamia huamua nani awe ndani. Tarehe 12 Septemba 1945, huko Singapore, Admirali Mountbatten alipokea usalimishaji wa majeshi ya Wajapani ya Asia ya Kusini-Mashariki mbele ya kamera. Miongoni mwa waliofanya ushindi huo uwezekane walikuwa askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, walioufuata mto Chindwin huko Burma mwaka 1944 katika mvua na matope. Katika picha za meza ile utamwona Mountbatten. Kijana aliyetoka Songea au Machakos hutamwona.

Kwa hiyo kila mara unapoonyesha filamu ya kamanda, waulize wanafunzi maswali matatu. Nani yuko katikati ya picha? Nani yuko pembeni, amekatwa bega au kichwa? Nani lazima alikuwepo ili jambo hili litendeke, lakini haonekani kabisa? Swali la tatu ndilo gumu, na jibu lake hutafutwa nje ya filamu: katika majina ya mitaa, katika daftari za jeshi, na vinywani mwa wazee.

Filamu huozaje?

Maswali hayo yote hayatakuwa na maana iwapo filamu yenyewe imetoweka. Hapa ndipo kemia inapoingia.

Filamu za kwanza za sinema zilitengenezwa kwa nitrati ya selulosi, nazo ziliendelea kutumika hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Dutu hii huwaka kwa ukali, na kwa kuwa ndani yake imo oksijeni, moto wake hauzimiki hata chini ya maji. Filamu ya namna hiyo haifai kuwekwa shuleni kwa hali yoyote.

Filamu za upana wa milimita 16, ambazo zilianza kuuzwa 1923 na ambazo zilitumiwa sana na mashule, mashirika na idara za habari, zilitengenezwa kwa aseteti ya selulosi. Hizi haziwaki kwa urahisi, ndiyo maana zikaitwa filamu za usalama. Lakini zina adui mwingine. Aseteti ni esta, na esta ikikutana na maji hupasuka kwa hidrolisisi, ikatoa asidi ya asetiki, yaani asidi iliyo katika siki. Asidi hiyo nayo huharakisha upasukaji wa esta iliyobaki. Uozo huzaa asidi, na asidi huzaa uozo. Mtu akifungua kopo la filamu akasikia harufu ya siki, ajue kazi hiyo imekwisha kuanza.

Vipimo vya maabara vimekadiria kwamba filamu mpya ya aseteti ikihifadhiwa katika nyuzi 21 za sentigredi na unyevu wa asilimia 50, itakaa kama miaka 40 kabla ya kuanza kutoa siki kwa wingi. Dar es Salaam ni mji wa pwani wenye joto la wastani wa nyuzi 26 hivi, na unyevu wa hewa hupita asilimia 70 mara kwa mara. Joto na maji, vitu viwili vinavyohitajiwa na hidrolisisi, vyote tunavyo bure. Filamu ya miaka ya 1970 iliyowekwa hapa katika chumba cha kawaida imekwisha kupita muda wake.

Filamu za rangi zina ugonjwa wa ziada. Rangi zake ni tatu, na katika filamu nyingi za miaka ile rangi ya samawati ndiyo hufifia kwanza, hata gizani. Matokeo yake ni picha nyekundunyekundu: majani, magwanda na anga vyote huonekana kama vimefunikwa kwa vumbi la udongo mwekundu.

Tufanye nini? Aliye na makopo ya filamu, awe mwalimu, mkuu wa chuo au mrithi wa mpiga picha, afuate kanuni hizi. Asiipitishe filamu ya zamani katika mashine ya kuonyeshea, kwa sababu filamu iliyooza husinyaa, matundu yake hayalingani tena na meno ya mashine, nayo hukatika. Aitenge iliyo na harufu ya siki, maana mvuke wake huambukiza zilizo jirani. Aiweke mahali pakavu na penye baridi kuliko pote alipo napo. Asitupe kopo wala karatasi iliyomo, kwani jina lililoandikwa kwa penseli huweza kuwa ndilo ushahidi pekee wa tarehe. Kisha awaarifu watu wa nyaraka, ili filamu inakiliwe kwa kompyuta.

Baada ya kunakili, filamu ya asili isitupwe. Siku hizi kompyuta inaweza kutengeneza picha ya jenerali akitia saini mahali ambapo hakuwahi kusimama. Mbele ya uwongo wa namna hiyo, mkanda wa asili, pamoja na alama za kiwanda zilizo ukingoni mwake na viungo vya gundi alivyoacha mhariri, ni shahidi anayeweza kushikwa na kupimwa.

Mazoezi

1. Katika filamu ya zamani, kitu kizito kinaanguka kutoka mita 1.25 na kuchukua picha 9. Ilipigwa kwa picha ngapi kwa sekunde? (Jibu: 18.)

2. Filamu iliyopigwa kwa picha 16 inaonyeshwa kwa picha 24. Onyesha kwamba mchapuko wa vitu vinavyoanguka utaonekana kuwa mara 2.25 ya ule wa kweli.

3. Simamisha kijiti wima uwanjani kwenu, upime kivuli chake kila baada ya dakika 10 kuanzia saa 6 mchana. Tafuta saa ambayo kivuli ni kifupi kuliko vyote. Je, adhuhuri ya kwenu huchelewa kwa dakika ngapi?

4. Kwa wanafunzi wa Dar es Salaam: tembeeni kutoka Sanamu ya Askari hadi Mnara wa Mashujaa, kisha hadi Soko la Kariakoo. Andikeni nani anakumbukwa katika kila mahali, na kwa njia gani.

5. Mtafuteni mzee aliyekuwa mtu mzima mwaka 1979. Mwulizeni alijuaje kwamba Vita vya Kagera vimekwisha: kwa redio, kwa gazeti, kwa filamu, au kwa kumwona mtu akirudi nyumbani, au asirudi. Andikeni jibu lake kwa maneno yake mwenyewe, mtie tarehe, na mlihifadhi mahali pakavu.